Unga Mweusi na Maji ya Rangi: Kutatua Matatizo ya Chembe za Sumaku Zinazotengenezwa kwa Majani

Kazi hii ukiieleza ni fupi. Unachemsha majani ya mwarobaini, mlonge, mkaratusi au chai, unachanganya mchemsho huo na chumvi za chuma, unaongeza alkali, unapata unga mweusi wa magnetaiti (oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku) wenye chembe ndogo kiasi cha kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita. Unga huo ukiutia kwenye maji yaliyochafuliwa kwa rangi za nguo, unanasa rangi. Halafu unabandika sumaku ubavuni mwa chombo, unga unakusanyika upande mmoja, maji unayamimina. Hakuna chujio la kuziba wala bomba la kusafisha.

Ukishika kazi yenyewe ndipo maswali yanapoanza. Nimekaa maabara miaka mingi nikisaidia wanafunzi na watengeneza batiki, na malalamiko ni yaleyale: sumaku haivuti, unga umekuwa wa kutu, rangi imeondoka halafu imerudi. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa dalili, na chini ya kila dalili naanza na chanzo ninachokutana nacho mara nyingi zaidi. Lipo jambo moja linalopita katika dalili zote, nami naliona zito kuliko mengine: rangi kutoonekana si sawa na rangi kuondoka. Kila maji yakikung'aria, jiulize rangi imekwenda wapi, na uwe na jibu la kuonyesha.

Kabla ya yote: vipimo vya kujilinganisha

Nusu ya matatizo huisha mtu akirudia hesabu zake. Kundi dogo la kawaida ni hili: gramu 5.4 za feriki kloraidi yenye maji sita ya fuwele (moli 0.02; moli ni kipimo cha kemia cha idadi ya chembe) na gramu 2.8 za feri salfeti yenye maji saba (moli 0.01), zote katika mililita 100 za maji safi. Uwiano ni chuma cha chaji tatu (cha feriki) mara mbili, chuma cha chaji mbili (cha feri) mara moja. Mchemsho wa majani ni gramu 10 za majani makavu katika mililita 200 za maji kwenye nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika 20 hadi 30, kisha chuja. Tia mililita 20 hadi 50 za mchemsho, koroga kwenye nyuzi 60 hadi 80, halafu dondosha haidroksidi ya sodiamu polepole mpaka pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) ifike 10 au 11.

Hesabu mbili uziweke ukutani. Ya kwanza: kundi hili linahitaji moli 0.08 za alkali, yaani mililita 40 za haidroksidi ya sodiamu ya moli 2 kwa lita, tena hapo asidi za mchemsho wenyewe bado hazijala fungu lao. Ya pili: magnetaiti inayotarajiwa ni gramu 2.3. Ukipata gramu 5 usifurahi. Hizo za ziada ni majani, chumvi au maji.

Angalizo kuhusu maji: dukani "maji ya betri" ni jina la vitu viwili, maji yaliyokenekwa na asidi ya betri. Soma lebo, pima pH, ndipo umimine.

Dalili ya 1: Mchanganyiko umekuwa mweusi tititi, lakini sumaku haivuti kitu

Hii ndiyo inayowadanganya wengi, hasa wanaotumia chai na majani mengine yenye tanini (vitu vya ukakasi) nyingi. Unamimina mchemsho kwenye feriki kloraidi, na papo hapo inakuwa nyeusi. Mtu anapiga picha, anaandika "chembe nano zimeundwa". Mara nyingi alichotengeneza ni wino. Tanini na chuma hushikana na kutoa weusi mkali, na ndiyo kemia iliyotumika kutengeneza wino wa kuandikia kwa karne nyingi. Weusi huo si ushahidi wa magnetaiti.

Anza na ukaguzi mwepesi. Dondosha tone kwenye karatasi ya chujio. Wino husambaa na unyevu na kuacha doa lenye ukingo laini; magnetaiti hubaki katikati kama masizi, na maji yanayoizunguka huwa karibu hayana rangi. Kisha pima pH. Ikiwa iko chini ya 9, umepata chanzo cha kwanza: alkali haijatosha. Rudi kwenye ile hesabu ya mililita 40.

Chanzo cha pili ni mchemsho kuzidi. Watu huamini majani mengi ndiyo kazi ya asili zaidi. Polifenoli, yaani tanini na jamaa zake, zikiwa nyingi hushika chuma chote kabla hakijapata nafasi ya kujenga fuwele. Punguza mchemsho kwa nusu, rudia kundi, linganisha. Cha tatu, chembe zipo ila ni ndogo mno na zimefunikwa vizuri, hivyo zinaelea na sumaku ya friji haiziwezi. Hapa tumia sumaku ya neodimiamu, ibandike ubavuni mwa bika (chombo cha kioo cha maabara), uache dakika 30 bila kugusa. Ukiona ukuta wa kioo unaota sharubu nyeusi upande wa sumaku, unga upo. Chumvi kidogo ya mezani huzifanya chembe zishikane na kukusanyika haraka.

Kipo pia chanzo kinachoaibisha, nacho hutokea sana: unga umeng'ang'ania kijiti cha kikorogeo cha sumaku. Mwanafunzi anatafuta unga kwenye bika na wote uko kwenye kijiti, umekivaa kama manyoya. Kwa kazi hii tumia kikorogeo cha mota chenye pangaboi, au mashine ya kutikisa, au kijiti cha kioo na mkono.

*Acha hapo:* sumaku za neodimiamu ni hatari kwa mtu mwenye kifaa cha moyo kifuani, asizisogelee kabisa. Mbili zikirukiana hupasua kidole.

Dalili ya 2: Unga ni wa kahawia, mwekundu, au wa kijani

Itazame rangi vizuri, kwa sababu inasema chanzo.

Kahawia ambayo bado inavutwa na sumaku ni maghemaiti: magnetaiti iliyokula oksijeni. Usiitupe. Inavutwa vizuri, na rangi inanasa. Andika tu ukweli kwenye daftari lako kwamba ni maghemaiti au mchanganyiko, usiiite magnetaiti kwa sababu ulikusudia magnetaiti.

Kahawia au manjano isiyovutwa maana yake chuma cha chaji mbili kilikwisha geuka kabla hujaanza. Fungua kopo la feri salfeti. Fuwele nzima ni za kijani-bahari, zinaangaza kama kioo cha chupa. Zikiwa na ukungu wa manjano au kutu juu yake, zimeshaungua na hewa, na uwiano wako wa mbili kwa moja ulivunjika siku nyingi. Hapa kwetu makopo hukaa rafuni miaka, katika joto na unyevu wa pwani, kwa hiyo mimi huanza na kopo kabla ya kumlaumu mtu. Feriki kloraidi nayo huvuta maji ya hewani. Ikiwa madonge yaliyolowana, uzito unaosoma kwenye mizani ni wa maji kwa sehemu.

Nyekundu ya tofali ni hematiti, oksidi ya chuma ambayo sumaku haiivuti vizuri, na mkosaji ni oveni. Kausha kwenye nyuzi 60. Ukiupeleka unga kwenye nyuzi mia kadhaa mbele ya hewa, umbo la magnetaiti linaharibika na nguvu ya sumaku inakwenda nalo.

Kijani au buluu-kijani katikati ya kazi ni kutu ya kijani, dalili kwamba chuma cha chaji mbili ni kingi au alkali bado kidogo. Endelea kuongeza alkali huku ukikoroga kwenye nyuzi 70. Mara nyingi inageuka nyeusi yenyewe.

Dalili ya 3: Sumaku inavuta, lakini maji hayapungui rangi

Kwanza hesabu. Uwezo wa unga hupimwa kwa miligramu za rangi kwa kila gramu. Tuseme unga wako unabeba miligramu 40 kwa gramu. Ukitia nusu gramu kwenye lita moja yenye miligramu 200 za rangi, utaondoa miligramu 20, yaani asilimia 10. Jicho halitaona tofauti. Unga hauna kosa. Umebebeshwa mzigo wa punda kumi. Ongeza unga, au anza na maji yenye rangi hafifu.

Pili, chaji. Hapa ndipo majaribio mengi yanapokufa. Methilini buluu hubeba chaji chanya kwenye maji. Kongo redi, methili orenji na rangi nyingi za kiwandani za pamba hubeba chaji hasi. Uso wa magnetaiti tupu hauna chaji kwenye pH ya karibu 7. Chini ya hapo ni chanya, juu yake ni hasi. Kwa hiyo methilini buluu inapenda pH ya 8 au 9, na rangi za chaji hasi zinapenda pH ya 4 hadi 6. Lakini unga wako umefunikwa na vitu vya majani, na vifuniko hivyo mara nyingi huvuta uso kuelekea hasi. Usiniamini mimi, pima wako. Weka unga kidogo kwenye chupa kadhaa za maji ya chumvi (moli 0.01 kwa lita) zenye pH ya kuanzia 3 hadi 11, zitikise saa 24, kisha soma pH tena. Pale ambapo pH haikubadilika ndipo uso hauna chaji. Ni siku moja ya kazi, nayo inaokoa miezi.

Kosa dogo linalohusiana na hilo: kushusha pH kwa ndimu au asidi sitriki. Sitriki hushikana na chuma kwa nguvu na kukitoa kwenye unga. Tumia asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa sana, tone kwa tone, na usiteremke chini ya 4.

Tatu, unga haukuoshwa. Ukikausha unga ukiwa bado na utomvu wa majani, unapata madonge magumu yanayolia kwenye kinu, na rangi haina njia ya kuingia. Osha kwa maji safi mpaka maji ya suuza yasiwe na rangi na pH yake irudi karibu na 7, malizia na ethanoli mara moja au mbili, ndipo ukaushe. Mchemsho uliokaa juani au mezani siku tatu ukachacha, mwage. Upya wake ni sehemu ya kipimo.

Nne, muda. Dakika 5 hazitoshi kuamua lolote. Chukua sampuli kwa dakika 5, 15, 30, 60 na 120, uone mstari unalala wapi.

*Acha hapo:* usipulize wala usisage unga mkavu bila barakoa ya kuzuia vumbi laini na nafasi yenye kifaa cha kuvuta hewa. Chembe hizi haziishii puani. Ushughulikie ukiwa umelowa kila inapowezekana.

Dalili ya 4: Rangi imetoweka vizuri mno

Ningependa kila anayefanya kazi hii asome sehemu hii mara mbili.

Mwanafunzi mmoja aliniletea chupa ya maji yaliyokuwa ya methili orenji. Alikuwa amefurahi, spektrofotomita (mashine inayopima mwanga unaomezwa na maji), kwenye mawimbi ya nanomita 464, ilimwonyesha kwamba rangi imepungua sana ndani ya dakika kumi. Niliinua chupa dirishani. Maji hayakuwa meupe, yalikuwa ya waridi. Tulipima pH: ilikuwa 3. Methili orenji ikifika kwenye asidi hugeuka nyekundu, na kilele chake kinahama kwenda karibu na nanomita 507. Tuliongeza matone mawili ya alkali na uchungwa ukarudi wote, machoni pake. Alikaa kimya, kisha akaniambia, "Mwalimu, nilikuwa nimeshaandika sura nzima." Nilimwonea huruma, kwa sababu hakudanganya mtu, alikuwa ameamini namba moja bila kutazama chupa.

Rangi karibu zote zinazotumika kwa majaribio zina mlango wake wa kujifichia. Kongo redi hugeuka buluu kwenye asidi. Malakaiti grini, yenye kilele karibu na nanomita 617, hupauka kwenye alkali hata usipotia unga wowote. Methilini buluu, inayosomwa kwenye nanomita 664, ikikutana na kitu kinachoipa elektroni hupoteza rangi, kisha ukiitikisa na hewa inarudi buluu. Tena hushika kioo, plastiki na karatasi ya chujio: unaweza "kuondoa" sehemu nzuri ya rangi kwa kuchuja tu. Na jua la saa sita likipiga bika isiyofunikwa linapausha rangi nyingi bila msaada wako.

Dawa yake ni chupa tatu, kila siku, kila jaribio. Ya kwanza ina maji ya rangi bila unga, pH ileile, inatikiswa pamoja na nyingine kwa muda uleule. Ya pili ina unga kwenye maji safi yasiyo na rangi. Ya tatu ndiyo jaribio. Chupa ya kwanza ikipungua rangi, hiyo haikuondolewa na unga. Chupa ya pili ikionyesha rangi, unga wako wenyewe unachafua maji. Kilichobaki baada ya kutoa hizo mbili ndicho chako halali.

Kisha rudisha maji kwenye pH ya mwanzo kabla ya kusoma. Yatikise na hewa. Soma mkanda mzima, kuanzia nanomita 350 hadi 750, si wimbi moja. Punguza sampuli kwa maji mpaka usomaji uwe chini ya 1, kwa sababu methilini buluu nzito hujikusanya mbilimbili na mstari wa kipimo hupinda. Ukilazimika kuchuja, mwaga mililita za kwanza. Bora zaidi uache sumaku ifanye kazi hiyo.

Mwisho, uulize unga. Chukua unga uliotumika, umwagie ethanoli kidogo, utikise. Methilini buluu ikitoka na kuichafua ethanoli, umeiona rangi kwa macho mahali ilipokimbilia. Isipotoka hujashindwa bado, huenda imeshikwa kwa nguvu au imevunjwa, lakini hapo unahitaji mashine kubwa kusema ni lipi kati ya hayo mawili. Kama umetia haidrojeni peroksaidi, chuma huivunja na kuzaa viini vikali vinavyokata rangi vipande. Kemia hiyo ina jina la Fenton, aliyeieleza mwaka 1894. Vipande vya rangi za azo (kundi kubwa la rangi za kiwandani) vinaweza kuwa kemikali ziitwazo amini, zenye madhara kuliko rangi yenyewe. Maji yakiwa meupe baada ya peroksaidi, usiyahesabu kuwa safi mpaka maabara yenye vifaa ipime kilichobaki.

Dalili ya 5: Maji yaliyosafishwa yana umanjano au rangi ya chai

Vyanzo ni viwili, na kuvitenganisha ni rahisi. Chukua kijiko cha maji hayo, dondoshea chai ya rangi iliyokolea, isiyo na sukari wala maziwa. Yakigeuka meusi-zambarau, kuna chuma kilichoyeyuka: pH yako ilikuwa chini mno, au ulitumia sitriki. Yasipogeuka, huo ni utomvu wa majani unaovuja, na dawa ni kuosha unga zaidi. Kwa namba kamili tumia fenanthrolini, inayotoa rangi ya chungwa na chuma na kusomwa kwenye nanomita 510.

Dalili ya 6: Maabara yanakubali, maji ya batiki yanakataa

Hapa ndipo kazi inapokutana na watu. Mama mmoja mtengeneza batiki, Dar es Salaam, alinipa ndoo ya maji yake ya kumwaga. Yalinuka kiberiti, yalikuwa ya manjano-kijani chini, na juu yake utando wa buluu uliokuwa ukikunjamana kama ngozi ya maziwa. Nilitia unga uliokuwa umenasa methilini buluu vizuri wiki nzima. Baada ya saa moja hapakuwa na unga wa kuvuta. Ulikuwa umeyeyuka. Mama akaniuliza, "Mwanangu, dawa yako imeliwa na nini?"

Imeliwa na sodiamu haidrosalfaiti, ile dawa wanayotumia pamoja na kostiki soda ili rangi iyeyuke na kuingia kwenye kitambaa. Wataalamu wa udongo huitumia makusudi kuyeyushia oksidi za chuma kwenye sampuli zao. Kumwagia unga wa magnetaiti kwenye maji hayo ni kuuchinja.

Hiki ndicho chanzo cha kwanza kwa maji ya batiki, na dawa yake ni nyepesi kuliko unga wenyewe: hewa. Mimina maji kwenye beseni pana mahali pa wazi, yakoroge mara kwa mara, yaache yalale usiku mmoja. Oksijeni humaliza haidrosalfaiti, na zile rangi zilizoyeyushwa nayo hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka. Asubuhi utazikuta zimetua chini kama tope. Chuja kwa kitambaa kizito. Tulipofanya hivyo kwa ndoo ile, sehemu kubwa ya rangi ilikuwa imeshatoka kabla sijafungua kopo la unga.

*Acha hapo:* usitie asidi kwenye maji yanayonuka kiberiti. Yanatoa gesi ya salfa dioksaidi inayobana kifua, na ndani ya chumba kidogo inaweza kumwangusha mtu. Haidrosalfaiti kavu nayo ikipata unyevu hupata moto yenyewe. Ihifadhi pakavu, na ikianza kufuka moshi toka nje na uwaite zimamoto. Usichanganye pia maji hayo na dawa ya kupaushia nguo.

Chanzo cha pili ni pH. Maji ya kostiki au ya magadi hukaa kwenye 10 hadi 12, na hapo uso wa unga ni hasi kabisa. Rangi za chaji hasi zinasukumwa mbali. Shusha pH baada ya hewa kufanya kazi yake, nje, polepole.

Cha tatu ni chumvi. Rangi za pamba zinazojifunga kwenye uzi hutumia chumvi nyingi sana ili rangi iingie, na chumvi hiyo hugombea nafasi kwenye uso wa unga. Punguza maji kwa maji safi mara tano uone. Ikiwa unasaji unapanda, chumvi ndiyo tatizo. Rangi hizi ni ngumu kweli. Unga uliovikwa kaitosani, inayotolewa kwenye maganda ya kamba wa baharini, huzishika vizuri zaidi kuliko unga wa majani peke yake, kwa kuwa kaitosani ina chaji chanya kwenye asidi hafifu.

Cha nne ni nta na wanga. Ukiona matone ya mafuta juu ya maji, poza maji, nta igande, iondoe kwanza.

Kwa vyovyote, ndoo moja si kiwanda. Maji yakiwa zaidi ya mapipa machache kwa siku, au yanaelekea mto au mtaro wa watu, hiyo ni kazi ya mhandisi wa maji na mamlaka: Tanzania ni NEMC (baraza la taifa la mazingira) na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kenya ni NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira). Na maji haya, hata yakiwa meupe kama ya mvua, si ya kunywa, si ya kunyweshea mifugo, si ya kumwagilia mchicha.

Dalili ya 7: Mara ya kwanza safi, mara ya tatu unga umechoka

Pima uzito wa unga kabla ya kusema umechoka. Mara nyingi haupo tena: umemwagika na maji wakati wa kumimina. Ongeza muda wa sumaku na umimine taratibu, sumaku ikiwa bado imeshikilia.

Uzito ukiwa uleule, basi rangi ya zamani haijatoka. Kwa methilini buluu osha kwa ethanoli mara tatu. Kwa rangi za chaji hasi tumia alkali hafifu, kisha maji hadi pH irudi. Asidi kali hutoa rangi haraka na kuondoka na chuma, hivyo uzuri wake ni wa siku moja. Unga ukigeuka kahawia na kuanza kuvutwa kivivu, umezeeka.

Dalili ya 8: Hujui unga uliotumika uupeleke wapi

Hii hairipotiwi kama tatizo, na ndiyo maana nimeiandika. Nimekuta chupa za unga uliojaa rangi zikisuuzwa kwenye sinki, na lile sinki linakwenda kwenye mtaro uleule ambao kazi yote ilikusudiwa kuulinda.

Unga ulionasa gramu moja ya rangi una gramu moja ya rangi. Ethanoli ya kuoshea nayo ni maji machafu, tena yanayoshika moto. Tope la asubuhi kwenye beseni la batiki ni rangi nzito kuliko maji yaliyolitoa. Vyote vikae kwenye vyombo vyenye kifuniko, unga ukiwa na unyevu ili usipeperuke, ethanoli mbali na jiko, mpaka wapokeaji wa taka za kemikali wenye kibali wavichukue. Usivichome, usivizike uani. Kwenye kila chombo andika aina ya rangi, majani yaliyotumika, uzito, tarehe, na kama peroksaidi au haidrosalfaiti iliwahi kuingia humo. Atakayekifungua huenda hakuwapo siku ulipokijaza.